Hatua Sita Kutoka kwa Mkwe

Kitwana alifika kwa mwanawe Masaki na begi moja, sufuria mbili kubwa zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, na aibu iliyokwisha kufika kabla yake. Masaki hii ni ya Kisarawe, ya mihogo na minanasi, si ile ya Dar yenye mageti. Mtu akikwambia anakaa Masaki, mwangalie viatu kwanza.

Aibu ililetwa na simu. Hashiru, mwanawe, aliiona video ile kijiweni, vijana wa bodaboda wakimwonyesha bila kujua kwamba mzee yule ni babaye. Sekunde kumi na moja tu. Mlinzi mzee mwenye koti la kaki kamkumbata mwanamke kwa nyuma, mikono imemzunguka tumbo, anamvuta, anamvuta tena. Chini pameandikwa: BABU KAPATA ZALI KONGOWE. Na vikaragosi vinavyocheka mpaka machozi.

Video haikuonyesha kilichotangulia wala kilichofuata. Mwanamke yule, Adventina, alikuwa akila mishikaki kando ya barabara pale Kongowe ya Kibaha, mkabala na ghala la chakula cha kuku alilokuwa akililinda Kitwana. Nyama ikamkwama. Akasimama, akashika koo kwa mikono miwili, mdomo wazi, sauti haitoki. Watu wakasema kapaliwa huyo, kuna mtu anamtaja kwao, mpeni maji. Kitwana hakungoja maji. Alivuka barabara, akamwinamisha, akampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, mara tano. Ilipogoma akamzunguka kwa nyuma, akakunja ngumi juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo, akaishika ngumi kwa mkono wa pili, akavuta kwa ndani na kwa juu. Mara ya tatu pande la nyama likaruka likaangukia jikoni, kwenye makaa. Mwanamke akavuta pumzi, ikalia kama mlango wa bati uliokuwa umekwama.

Hayo Kitwana hakuyaokota barabarani kama alivyookota mengine mengi. Shuleni aliishia darasa la tatu, ngumbaru akasoma miezi minne, na mengine aliyasoma kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Lakini hili alifundishwa siku tatu nzima na nesi mmoja Mpare, Elinipa, mwembamba kama ufito na sauti ya kuamrisha gwaride, aliyeletwa ghalani kuwafunza walinzi na wapakiaji. Alikuja na kifua cha mpira cha kufanyia mazoezi. Wanaume wakacheka, yeye hakucheka.

"Anayekohoa mwacheni akohoe," aliwaambia. "Anayekohoa anapumua. Mwogopeni aliyenyamaza. Maji msimpe, atapeleka wapi? Njia imezibwa."

Na siku ya tatu, akiwa amekwisha kufunga mkoba wake, alikumbuka jambo, akarudi.

"Mwanamke mjamzito tumbo msimguse. Wala mzazi mbichi, wala mtu mnene ambaye mikono haimzunguki. Hao mnapanda juu. Hapa, katikati ya kifua, mnasukuma kwa namna ile ile."

"Nesi, hapo si utatupeleka jela!" alisema mpakiaji mmoja, na ghala zima likaangua kicheko.

"Chekeni," alisema Elinipa. "Mkimaliza kucheka hapa mtakuja kulia pengine."

Kitwana naye alicheka siku ile. Alilikumbuka hilo baadaye.

Basi mume wa Adventina aliiona video kabla hajaelezwa kisa. Alikuja ghalani na ndugu zake wawili. Mambo yakafika ofisi ya mtaa, na mwenyekiti akamuuliza Adventina mbele ya wote: mama, ni kweli ulikuwa unakufa? Adventina alitazama kucha zake. Akasema, "Sikumbuki vizuri." Kitwana hakumlaumu sana, kila mtu na nyumba yake. Lakini alimtazama anavyovuta pumzi, taratibu, ndani na nje, akasema moyoni, hiyo unayovuta ni kazi ya mikono yangu, na wewe unaogopa kuisema. Mwenye ghala akamwambia apumzike kwanza. Kwa mlinzi wa miaka sitini na tisa, kupumzika kwanza ni kupumzika moja kwa moja.

Hashiru hakumfukuza. Alimpokea begi, akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kukwangua tope la shamba kwenye vidole vya miguu. Ni mtu mpole, mkulima wa minanasi, aliyelelewa na mama yake na mama yake mkubwa wakati Kitwana akizunguka na sufuria zake: Kilombero akiwapikia wakata miwa, Kilwa akiwapikia watu wa chumvi, Rufiji akiwapikia watengeneza barabara. Mama yake Hashiru, Zubeda, alizikwa Kitwana akiwa Lindi. Alifika siku ya kumi na mbili. Mtu wa namna hiyo akirudi kwa mwanawe hadai kitu.

"Baba, karibu," Hashiru alisema mwishowe. "Chumba cha mwisho kile ni chako, nitakitia sakafu. Ya Kongowe sikuulizi. Ila kuna mke humu, na ana mimba kubwa. Wakwe zangu ni watu wa Dutumi, watu wa dini na heshima, na video nao wanazo. Naomba kitu kimoja tu. Kaa naye mbali. Hatua sita. Ukimwona anakuja huku, wewe nenda kule. Usije ukaniaibisha."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kitwana aliitazama kamba yake, akaiona si fupi sana.

"Hatua sita," alisema. "Nimekubali."

Alikubali kwa sababu alichoka. Alikuwa amelala kwenye vibaraza vya watu miaka arobaini, na sasa alitaka jambo moja tu duniani: afie mahali ambapo anayemwosha analijua jina la baba yake. Chumba kile cha mwisho kilikuwa ndipo mahali penyewe. Hakikuwa na dari, ukuta wa udongo ulikuwa na ufa wa kupitisha mjusi, naye alikipenda kuliko alivyopata kupenda nyumba yoyote.

Mkwewe, Swaumu, alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mdomo na kicheko. Heshima ya mkwe aliijua vizuri. Hakumtazama usoni, hakupita mbele yake, chakula alikiweka juu ya jiwe lililoko kati ya jiko na chumba, akarudi nyuma ndipo aite. Lakini sauti haina hatua. Kila asubuhi aliirusha uani kama mtu anayerusha mahindi kwa kuku.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Baba, jana uliishia Kilwa. Nyoka alipoingia kwenye sufuria ikawaje?"

Naye Kitwana, ameipa mgongo sauti ile, macho kwenye mgomba, alimalizia kisa cha nyoka wa Kilwa. Nyuma yake mkwe akicheka mpaka anashika kiuno. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari za safari zake tangu Zubeda afe. Wengine walikuwa wakimuuliza kwa nini alisafiri.

Mtoto alizaliwa, wa kike, akapewa jina la bibi yake, Zubeda. Kitwana aliletewa amshike mara moja, akamwita mke wangu kama mababu wote wafanyavyo, akamrudisha. Siku arobaini Swaumu alikaa ndani, kafungwa mkaja tumboni, anakandwa maji ya moto na Mwanamvua, anashindiliwa supu na uji wa pilipili manga. Mwanamvua ndiye huyo mama mkubwa wa Hashiru, dada wa marehemu Zubeda, mwanamke mnene mwenye pumu ya utani. Hakuweza kukaa dakika mbili bila kumchokoza shemeji yake.

Siku ya arobaini ikawa karamu. Wakwe walikuja kutoka Dutumi, gari zima, wakiongozwa na baba yake Swaumu, mzee Jumbe, mrefu, ndevu nyeupe, mtu wa maneno machache. Wanaume walikaa mbele kwenye majamvi. Wanawake walikaa nyuma, uani. Na kwa kuwa pilau la watu mia hupikwa na wanaume, na mpishi wa nyumba ile alikuwa Kitwana, yeye peke yake miongoni mwa wanaume alikuwa uani, kwenye mafiga yake pembeni, kaupa mgongo upande wa wanawake, mwiko mkononi mrefu kama kasia.

Tangu alfajiri alikuwa akikata nyama. Alizoea kukata ndogo, kipande cha kutafunwa na mwenye meno na asiye nayo. Mwanamvua akapita akachungulia karai.

"We shemeji! Hiyo nyama ya kupikia au ya kutegea panya?"

"Nyama ikiwa ndogo inaiva vizuri, shemeji."

"Inaiva vizuri kwa bahili! Watu wametoka Dutumi kuja kula, kesho waseme kwa Hashiru tulilishwa harufu? Kata vipande vya watu! Mtu akishika mkononi aone kashika."

Wanawake wakamshangilia. Kitwana akacheka, akaongeza ukubwa. Kipande sawa na kidole gumba cha mwanamume, chenye mishipa yake, kwa sababu ng'ombe yule alikuwa mzee. Aliona kuwa nyama ni ngumu. Alisema italainika.

Swaumu alitolewa nje saa saba mchana, kajipamba, kanga mpya, mkaja umekazwa chini yake. Wakapiga vigelegele. Wakamkalisha katikati ya mkeka, mtoto akashikwa na wengine, na sinia likawekwa mbele yake. Siku arobaini za uji na supu! Alikula kama mtu aliyefunguliwa. Na huku anakula anajibu utani, maana wanawake wa arobaini hawamwachi mzazi atafune.

"Kula mwanangu, Hashiru anakungoja!"

"Mwambieni angoje, mimi na nyama kwanza!"

Kitwana alisikia kicheko, na sauti ya Swaumu ndani yake. Kisha akasikia kicheko bila sauti ile.

Aligeuka. Hakutakiwa kugeuka, lakini maneno ya Elinipa yalimgeuza shingo: mwogopeni aliyenyamaza. Swaumu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, mikono kooni, macho yamemtoka. Hakuwa akikohoa.

"Kapaliwa!" alisema mmoja.

"Anatajwa! Ni Hashiru huyo, anamtaja huko mbele!" Na kicheko kikapanda tena.

Mtu akaleta kikombe cha maji. Maji yakamwagika kidevuni yakalowesha kanga mpya.

"Msimpe maji!" alipiga kelele Kitwana. "Mwinamisheni! Mpigeni mgongoni, katikati ya mabega, kwa nguvu!"

Wanawake walimtazama wakashangaa, mwanamume kapaza sauti kwenye mkeka wao. Lakini Mwanamvua aliisikia ile sauti, akajua haina utani. Akamwinamisha Swaumu, akampiga mgongoni. Akampiga kama anavyopigwa mtoto wa kucheulishwa.

"Kwa nguvu, shemeji!"

"Mzazi huyu! Nitamvunja!"

"Vunja!"

Akapiga. Mara tatu, mara nne. Haikutoka. Midomo ya Swaumu ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya zambarau iliyoiva.

"Mzunguke kwa nyuma," alisema Kitwana. Alikuwa amesimama penye mafiga, mwiko mkononi, na kati yake na mkeka kulikuwa na hatua sita. Hakuhitaji kuzihesabu, alikuwa ameishi nazo miezi minne. "Mkumbate kwa nyuma, kunja ngumi, vuta."

Mwanamvua akamzunguka mikono tumboni, akaugusa mkaja, akairudisha mikono kama aliyeshika moto.

"Tumbo bichi hili! Nikimbana si namtoa kizazi?"

Na hapo alisema kweli, na Kitwana alijua kuwa ni kweli, kwa maana Elinipa alirudi mlangoni kwa ajili ya jambo hili hili. Jibu analo. Mnapanda juu. Katikati ya kifua. Lilikuwa neno moja tu, lipo kwenye ncha ya ulimi: kifuani. Mshike kifuani, mvute. Lakini kifua kile kilikuwa cha mke wa mwanawe, mzazi anayenyonyesha, mama zake na shangazi zake wote wamekaa pale kutoka Dutumi, na video wanazo.

"Juu," alisema Kitwana. "Panda juu kidogo."

"Juu wapi?"

"Juu! Hapo juu ya... juu!"

Mwanamvua akapanda juu. Akapita mabega, akamshika kichwa, akaanza kumpiga utosini na kumpulizia, kama alivyofanyiwa yeye na bibi yake. "Bismillahi, bismillahi." Na wanawake wote wakaitikia, na hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Swaumu aligeuza macho. Aliyatupa huku na huku kama anayetafuta mlango, yakamwangukia Kitwana. Mkwe hamtazami mkwe usoni. Alimtazama.

Kitwana akaangusha mwiko. Akapiga hatua ya kwanza, na ya pili. Swaumu akalegea akaanguka ubavu, na hata hilo lilikuwa na dawa yake, alifundishwa: mlaze chali mahali pagumu, viganja katikati ya kifua, sukuma mara thelathini kwa kasi, kisha chungulia mdomoni. Akapiga hatua ya tatu. Na Hashiru akatokea kwenye kona ya nyumba, ameitwa na kelele, na kitu cha kwanza alichokiona ni baba yake anauendea mkeka huku mikono yake imetangulia.

Macho yao yakakutana, na Kitwana akasimama. Huo muda aliosimama haukufika hata nusu ya video ile. Hashiru alimpita mbio, akamnyanyua mkewe, akampakia kwenye bodaboda, katikati yake na dereva, kichwa kinaning'inia, wakaondoka kwenda zahanati. Huko mganga alitumia koleo. Alitoa kipande cha nyama, sawa na kidole gumba cha mwanamume. Lakini alikitoa kwenye koo la maiti.

Pilau lililobaki liliungua. Hakuna aliyekumbuka kulitoa motoni.

Akazikwa. Siku ya tatu ikasomwa hitima, na wale wale wakarudi kwenye majamvi yale yale. Ustadhi alisema siku ikifika haina daktari. Watu wakasema kweli, kweli. Kisha kaka mmoja wa marehemu akainuka akataka kusema neno juu ya mzee Kitwana.

"Sisi tulikuja na maneno yetu moyoni," alisema. "Ya mitandaoni tuliyasikia. Lakini dada zetu walikuwepo uani, wametueleza. Mzee huyu hata kwenye kifo hakumgusa mkwewe. Alisimama kwa mbali akaelekeza kwa mdomo. Hiyo ndiyo heshima ya watu wa zamani. Dada yetu kaondoka hajavunjiwa stara. Tunakushukuru, mzee."

Watu wakaitikia. Mtu akaja akampa Kitwana mkono, akaja mwingine. Na Hashiru, macho mekundu, akamwinamia babaye sikioni: "Baba, nimekukosea. Nilikupimia hatua kama mwizi. Chumba kile ni chako mpaka siku ya mwisho. Hapa ndiyo kwenu."

Hayo ndiyo maneno aliyokuja kuyatafuta tangu Kibaha. Angekaa kimya yangekuwa yake. Sakafu ingetiwa, ufa ungezibwa, na siku yake ikifika angeoshwa na mtu anayelijua jina la baba yake. Hakudaiwa ila kuinamisha kichwa na kusema shukrani.

Alikiinamisha. Akakikuta kinarudi chenyewe.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, baba?"

"Nilijua cha kufanya. Sikusimama kwa heshima. Nilisimama kwa woga." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika kwenye majamvi yote. "Yule mwanamke wa Kongowe mnayemcheka kwenye simu zenu alikuwa na nyama kooni. Mimi ndiye niliyeitoa, kwa mikono hii. Swaumu alikuwa na jambo lile lile. Kwa mzazi mtu hashiki tumbo, anashika kifua, anavuta. Nilifundishwa. Nilishindwa hata kulitaja, niliona haya. Msinipe mikono."

Aliyekuwa amemshika mkono akauachia.

Watu wote wakamtazama mzee Jumbe, baba yake Swaumu, kwa kuwa ndiye mwenye maiti na ndiye mwenye heshima iliyokuwa ikilindwa. Mzee Jumbe hakuwa amesema neno tangu makaburini. Alikuwa akizungusha tasbihi. Akaisimamisha.

"Ungemshika," alisema.

"Mzee mwenzangu..."

"Ungemshika, Kitwana. Ningekasirika. Pengine ningekuja hapa na wanangu, nikakutukana mbele ya watu, siku saba. Siku ya nane ningekuja na jogoo." Akaitia tasbihi mfukoni. "Mimi nilikuwa na binti. Heshima ninazo nyingi, hata sijui nizipeleke wapi."

Akainuka. Watu wa Dutumi wote wakainuka nyuma yake, na chakula hakikuliwa.

Kitwana alirudi chumbani, akaanza kuingiza sufuria ndogo ndani ya kubwa. Mlango ukazibwa na mwili wa Mwanamvua. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, kopo la maziwa limechomekwa kwenye mkunjo wa kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Mlandizi. Popote."

"Miguu yako hiyo ndiyo iliyomnyima dada yangu mume," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao haukuwa utani. "Hutoki. Kwanza nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Pale uliposema juu. Nilikuuliza juu wapi, hukunijibu. Siku tatu silali, mkono wangu unatafuta hapo mahali. Nionyeshe."

Wakatoka nje, uani. Mwanamvua alimshusha mtoto, akampa shangazi mmoja. Wanawake waliobaki wakakusanyika polepole, na hakuna aliyejifunika mdomo. Kitwana akawapa mgongo, akasimama pale pale palipokuwa na mkeka.

"Zungusha mikono," alisema. "Ngumi weka hapa, kwenye mfupa wa katikati. Usiende pembeni, kwenye mbavu. Mkono wa pili juu yake. Sasa vuta kwako."

Mwanamvua akamzunguka shemeji yake mbele ya ua mzima. Akavuta. Pumzi ikamtoka Kitwana yote kwa mara moja.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Hivi tu?"

"Hivyo tu, shemeji."

Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, na tena, mpaka mgongo wa Kitwana ukawa unapokea kilio pamoja na pigo. Hakumzuia. Mfupa ulimuuma, akaona afadhali kitu kinachouma kwa nje.

Walipomaliza, Hashiru alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, pale pale alipotokea siku ile. Haikujulikana alikuwapo tangu saa ngapi.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Tano," alisema Kitwana. "Mgongoni tano, hapo tano. Ikigoma unarudia."

"Na inachukua muda gani?"

Kitwana angeweza kusema kitu hapo. Kilikuwapo, kimekaa kooni tangu siku ya karamu: wewe ndiye uliyepima hatua. Alimtazama mwanawe, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyekwisha kuzeeka kwa siku tatu, akakimeza. Kilishuka kwa shida, lakini kilishuka.

"Muda wa kutoka penye mafiga mpaka penye mkeka," alisema. "Na kidogo zaidi."

Hashiru akatikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho duka lake limefungwa. Akamchukua mtoto kutoka kwa shangazi, akaingia ndani, akarudisha mlango. Hakuubamiza.

Chumba hakikutiwa sakafu, wala Kitwana hakuambiwa atoke. Anakaa humo mpaka leo. Kila Ijumaa baada ya sala, Mwanamvua humletea wanawake, mara wa Masaki, mara wa Kibuta, wakati mwingine wamama kutoka Mlandizi waliosikia, naye hugeuka akawapa mgongo wajifunzie juu yake, mmoja baada ya mmoja, na kila anayefika huuliza swali lile lile, hivi tu? Hata video ipo, wameipiga wenyewe. Asubuhi chakula huwekwa juu ya jiwe, hakuna anayeita. Hashiru akitoka kwenda shambani na Kitwana akiwa uani, Hashiru hupita upande wa pili wa mgomba, na Kitwana huwa hahesabu, lakini anajua ni hatua sita.